Kimchi ya Mwisho ya Mama Mi-ran

Mwanamume aliyeishi na mke wake miaka arobaini na tisa alisimama mbele ya meza yangu ya tofu sokoni Jumatano asubuhi, theluji imemjaa mabegani, akaniuliza eti mke wake anapenda kula nini. Nilidhani ananitania. Nikaendelea kukata tofu yangu ya maharage ya soya.

"Mama Jun-o, nakuuliza."

"Nimekusikia. Ila mume wa yule mwanamke ni wewe, si mimi."

"Mlikuwa mnakaa hapahapa mnapiga soga kila siku. Lazima alikuambia."

"Tulikuwa tunawasengenya nyinyi waume zetu, Baba Mi-ran. Ungesikia tuliyoyasema usingenisalimia leo. Habari za yeye anapenda kula nini hazikuwahi kupata nafasi."

Hakucheka. Mzee Eom Chang-bae ni mtu wa kucheka hata msibani, mpaka watu wamkanyage mguu anyamaze, kwa hiyo nilipoona hakucheka nikaweka kisu chini.

Nimtambulishe kwanza, maana ni mtu ambaye ungempita njiani usimkumbuke. Alikuja hapa Taebaek, mji wetu wa migodi, akiwa na miaka ishirini na miwili, ametoka kwenye mashamba ya mpunga huko kusini na mkoba mmoja. Alisema atachimba makaa ya mawe miaka mitatu, apate mtaji, arudi kwao. Wote tulisema hivyo. Alikaa chini ya ardhi miaka ishirini na sita, mpaka mgodi ukafungwa, kisha akawa mfagiaji wa soko hili letu mpaka mapafu yakamkatalia. Vumbi la makaa limo ndani yake bado. Akipanda ngazi unasikia kifua kinapiga mluzi. Hakuwahi kumpiga mkewe hata kofi, na kwa wanaume wa kizazi chetu hilo lilikuwa jambo la kutangazwa mtaani. Lakini pia hakuwahi kuchemsha maji. Jikoni kwake aliingia kutafuta pombe ya mchele, akishaipata anatoka.

Mkewe ni Ok Bun-rye, ila sisi tunamwita Mama Mi-ran kwa jina la binti yao wa pekee. Ni rafiki yangu. Mwaka wa nne sasa akili yake inapotea kidogo kidogo. Ilianza kwa kukuta funguo ndani ya friji ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha kwa pilipili. Kisha akasahau njia ya soko, kisha jina langu, kisha jina la binti yake, na tangu vuli iliyopita anamwangalia mumewe kama mtu wa kusoma mita ya umeme. Hayo yote Mzee Eom aliyabeba. Alijifunza kumwogesha na kumchana nywele. Lililomshinda ni hili jipya: tangu mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, Mama Mi-ran amefunga mdomo. Maji anakunywa. Chakula hataki.

"Leo siku ya kumi na moja," aliniambia pale mezani. "Juzi nimempeleka kwa daktari, wakamtundikia dripu. Daktari anasema asipokula kwa mdomo wake wiki hii, aende hospitali ya wazee, wamtie mrija puani. Mi-ran anakuja na gari Jumamosi."

Sote tunaijua habari ya mrija wa puani. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu katika jengo lao alipelekwa huko mwaka juzi. Wagonjwa wenye ugonjwa ule huuvuta mrija, kwa hiyo hufungwa mikono, na yeye alifungwa. Tulikwenda kumtazama mimi na Bun-rye, wakati ule Bun-rye akili bado anazo nusunusu. Njiani tukirudi alinishika mkono akasema, "Mimi usikubali." Mumewe alikuwepo, amekaa kiti cha mbele yetu kwenye basi. Alisikia.

"Umejaribu kumpa nini?" nikamuuliza.

"Kila kitu. Uji. Supu ya mwani. Samaki. Juzi nimempa keki. Anafumba mdomo, ananiangalia. Nikigeuka tu, anachukua bakuli anakwenda kulificha chini ya blanketi, kama panya. Mi-ran alipokuja wiki iliyopita alikuta wali umeota ukungu humo. Hapo ndipo alipoamua."

"Na leo unataka kumpikia nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Nimewaza tofu na kimchi ya kukaanga."

"Hicho ndicho unachopenda wewe!"

"Ndiyo," alisema. "Sijui kingine, Mama Jun-o. Nimekaa usiku kucha nawaza anapenda nini na sijui. Kichwani kwangu kuna vile tu alivyokuwa ananipikia mimi."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na maneno tayari, ya miaka mingi, na mengine hayakuwa yake bali ya marehemu mume wangu. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, nikamfungia kipande kikubwa cha tofu kingali na moto, nikamwambia aende zake.

Alhamisi akarudi. Mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, ameungua.

"Haina ladha," alisema. "Nimekaanga kama unavyokaanga. Ni kama kutafuna karatasi."

"Umetumia kimchi gani?"

"Yake. Ile aliyotia chumvi kabla hajaanza kuumwa sana. Vilibaki vichwa viwili vya kabichi ndani ya friji. Ilikuwa chachu hiyo, Mama Jun-o, inakata ulimi! Nikaiosha."

"Umeiosha?"

"Nimeiosha vizuri sana. Mara tatu. Maji mpaka yakatoka meupe."

Mama mwenye samaki wa meza ya jirani alishika kichwa. Mimi nilikaa chini. Miaka minne ile kimchi imekaa inajitengeneza, pilipili na vitunguu saumu na dagaa wa chumvi vimeingia mpaka kwenye mshipa wa jani, uchachu wake ndio hasa unaotakiwa kwenye kikaango, na mzee huyu ameimwaga yote kwenye bomba la maji machafu. Tena si kimchi ya dukani. Ni mkono wa Bun-rye, na mkono ule hautatia chumvi kabichi tena.

"Ningekuwa na mwiko ningekupiga nao mbele ya watu," nilimwambia.

"Nipige. Ila niambie kwanza cha kufanya. Kimebaki kichwa kimoja."

Alisema hivyo akaanza kulia, katikati ya soko, mzee wa miaka sabini na minne. Hakulia kwa sauti. Midomo ilikuwa inamcheza tu na mluzi unatoka kifuani. Mama wa samaki akageukia samaki wake.

"Unalia hivi mbele yake?" nikamuuliza.

"Hapana. Nalia jikoni."

Ijumaa nilifunga meza saa sita mchana nikaenda mwenyewe. Kulikuwa na tangazo la theluji kubwa, na wateja walikuwa wachache. Mzee Eom na mkewe wanakaa kwenye yale majengo ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, ghorofa ya pili, ngazi za saruji zisizo na taa. Nilipovua viatu mlangoni, Bun-rye alitoka chumbani kwa magoti. Amekuwa mdogo. Mifupa ya mabega imechomoza chini ya sweta kama vijiti vya kutundikia nguo. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye viatu vya mumewe, akavigeuza ncha zielekee ndani ya nyumba, akavipangusa kwa mkono wa sweta, akarudi chumbani.

"Hata viatu vyangu siku hizi anavichezea," alisema Mzee Eom. "Mara ishirini kwa siku."

Mimi nilijua ni nini, kwa sababu wake wote wa wachimbaji tulifanya hivyo. Mume akiwa chini mgodini, viatu vyake vya nyumbani unavielekeza ndani, ili mwenye viatu arudi. Lakini nilikuwa na haraka ya kupika, sikuwaza zaidi ya hapo. Najilaumu mpaka leo.

Tukaingia jikoni. Nilimwambia sigusi kitu, apike yeye, mimi nitasema tu. Kichwa cha mwisho cha kimchi kilikuwa chini kabisa ya sanduku la friji, kimezama kwenye maji yake mekundu. Alikitoa kwa mikono miwili.

"Usikamue sana. Maji yake yaweke pembeni, tutayahitaji. Kata. Si hivyo, unakatakata kama kuni! Vipande vya mdomo mmoja. Nyama kwanza."

Aliweka nyama ya nguruwe ya tumbo kwenye kikaango kikavu, tukaiacha itoe mafuta yake yenyewe, kisha vitunguu saumu, kisha kimchi. Ile harufu ilipopanda, sote wawili tuliinamia kikaango. Ilikuwa harufu ya mtaa huu siku ya kutoka zamu, wakati wanaume wanapanda mlima wamechoka, weusi, meno tu ndiyo yanaonekana, na kila nyumba ina kikaango motoni, kwa sababu tuliamini mafuta ya nguruwe husafisha vumbi kooni. Aliongeza maji ya kimchi upawa mmoja, na sukari kidogo ya kuvunja uchachu. Alikoroga bila kupumzika, jasho linamtoka. Kwenye sufuria nyingine tofu ilikuwa inapata moto polepole ndani ya maji ya chumvi.

"Sasa zima. Zima moto, ndipo utie mafuta ya ufuta. Ukiyatia kwenye moto yanakuwa machungu."

Akaonja kwa ncha ya vijiti. Akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Mama Jun-o, ndiyo yenyewe kabisa." Akageukia ukutani, akajifuta uso kwa aproni ya mkewe.

Alikata tofu vipande vinene kama kidole gumba, akavipanga kuzunguka sahani ya shaba, kimchi na nyama katikati, ufuta juu. Alipakua wali kwenye bakuli la bati lenye kifuniko. Alipakua mara tatu na nikaona anajizuia asitie mwiko wa nne, kwa sababu idadi hiyo ni ya mkosi na hakuna mke wa mchimbaji aliyempakulia mumewe miiko minne. Kumbe alikuwa anatazama miaka yote ile.

Akabeba meza ndogo ya chakula mpaka chumbani. Bun-rye alikuwa amekaa mahali palepale anapokaa siku zote, upande wenye joto zaidi wa sakafu, maana sakafu zetu hupashwa moto kwa chini, blanketi limetandazwa mbele yake.

"Mama Mi-ran. Angalia. Tofu na kimchi. Ni kimchi yako mwenyewe hii, ulitia chumvi mwenyewe." Alikunja kipande cha kimchi juu ya tofu, akakipeleka mdomoni kwake, mkono mwingine ameuweka chini kukinga tone. "Fungua mdomo. Aaa. Kimoja tu."

Bun-rye aliangalia kile chakula. Nakuapia, aliangalia kwa njaa. Koo lilimpanda na kushuka. Kisha akageuza uso.

"Mwenye nyumba hayupo," alisema kwa adabu, kama tunavyowaambia wachuuzi wa kugonga milango.

"Mwenye nyumba ni mimi!"

"Hayupo. Njoo baadaye."

"Kula, nakuomba. Kesho wanakuja kukuchukua, unaelewa? Watakufunga mikono! Kula, we mwanamke!" Sauti ilikuwa imempanda, na kile kipande kikamponyoka kwenye vijiti.

Bun-rye aliinama akaokota kile kipande, akakiweka kando. Akachukua bakuli la wali, akalifunika kwa kifuniko chake. Akafunika sahani kwa sahani nyingine. Halafu akainua blanketi, akaviingiza vyote viwili chini yake, juu ya sakafu ya moto, akarudisha blanketi na kulipigapiga pembeni.

Mzee Eom alipiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele vile. Alilivuta blanketi upande mmoja, mkewe akalivuta upande mwingine kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, siku kumi na tatu hajala. "Mwizi!" alilia. "Mwizi! Chakula cha mume wangu hicho!"

Na mlango ukafunguka. Alikuwa Mi-ran, nywele zimelowa theluji. Aliogopa barabara ya mlimani itafungwa kesho, amekuja leo.

Alisimama akiwaona wazazi wake wanagombania blanketi. Kisha akaenda kabatini, akatoa mkoba wa nguo za mama yake, ambao kumbe aliufunga wiki iliyopita, akauweka mlangoni.

"Baba, inatosha."

"Siku mbili, mwanangu. Leo nimepika vizuri. Muulize Mama Jun-o."

"Wiki iliyopita pia ulisema siku mbili."

Hapo Mzee Eom akafanya jambo ambalo kwetu baba hafanyi. Alimpigia magoti binti yake. Aliweka viganja vyote viwili sakafuni, na kichwa juu ya viganja. "Usimpeleke," alisema. "Mi-ran, niliahidi. Alisema na mimi nilisikia. Nipe mimi huo mrija, mtie mimi."

"Inuka, Baba! Usinifanyie hivi!" Mi-ran naye alikuwa analia sasa, anamvuta bega. Ni mtoto mzuri yule, asije mtu akamwona mbaya. Anafanya kazi ya kusimama siku nzima huko mjini Wonju, kila wikendi anaendesha gari mwendo wa saa mbili kuja kumfulia mama yake. "Unadhani nataka? Atakufa na njaa, Baba. Atakufa hapa mbele yako, umeshika kijiko, na mimi nitafanya nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha jikoni na taulo mkononi, najuta kuja. Nikamtazama Bun-rye kwa sababu sikuweza kuwatazama wale wawili. Yeye hakuwa anawaona. Alikuwa ameweka kiganja juu ya blanketi, pale bakuli lilipo, kupima joto lake, na macho yake yalikuwa mlangoni.

Ule mkono niliujua. Zamani, kabla ya majiko ya umeme ya kutunzia wali, sote tulifanya hivyo. Unampakulia mume bakuli lake kwanza kabla ya mtu yeyote, unalifunika, unaliweka chini ya blanketi mahali penye moto, akirudi kutoka zamu alikute na joto. Wewe huli. Atakaporudi, akishainua kijiko chake, ndipo unainua chako. Mwaka ule handaki la mgodi lilipoporomoka na mume wangu akiwa ndani, niliweka kiganja changu juu ya blanketi namna hiyo siku mbili usiku na mchana. Wali wa Baba Jun-o niliutupa siku ya mazishi, na tangu hapo sikuweka tena bakuli chini ya blanketi. Nilikuwa nimejifanya nimesahau.

"Baba Mi-ran," nikasema. "Hebu inuka. Toka nje."

"Nini?"

"Toka nje ya nyumba. Hafichi chakula huyu. Anakungoja."

"Niko hapa! Siku zote niko hapa!"

"Ndiyo shida. Hujarudi. Uko chini mgodini wewe, na huyu aliye hapa ni mzee tu fulani. Atakulaje kabla hujarudi? Lile kopo lako la chakula cha mgodini liko wapi?"

Alinikodolea macho. Mi-ran ndiye aliyeelewa kwanza. Alivuta kiti, akapapasa juu ya kabati la jikoni, akashusha kopo la bati lililobonyea pembe, bado limefungwa kitambaa chake cha bluu. Bun-rye hakuwahi kulitupa. Nikatia jozi ya vijiti ndani yake, nikafunga, nikamkabidhi mzee. Akavaa koti lake la zamani, akavaa vile viatu vilivyoelekezwa ndani, akatoka.

Tulisikia anashuka ngazi. Kisha kimya kirefu, mpaka nikaogopa labda ameanguka kwenye barafu. Kisha ikaja sauti. Chaka, chaka, chaka. Vijiti ndani ya kopo tupu, hatua kwa hatua, mtu mwenye kuchoka anapanda.

Bun-rye aliinua kichwa. Akaweka nywele zake nyuma ya sikio, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akajaribu kusimama, Mi-ran akamshika kwapa.

Mlango ulifunguka. Mzee Eom hakusema "nimerudi", kwa sababu hakuwahi kusema hivyo maisha yake yote. Alisimama pale na theluji kichwani, akakohoa. Hakuigiza, zile ngazi zilikuwa zimemtosha.

"Umechelewa," alisema Bun-rye. "King'ora kimelia zamani."

"Tulikuwa na kazi nyingi."

"Kaa ule."

Alimpokea kopo. Akalitikisa, akasikia ni tupu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akafunua blanketi, akatoa bakuli na sahani, akaviweka mezani mbele ya mumewe, akaondoa vifuniko. Mvuke mdogo bado ulitoka kwenye wali. Akapanga kijiko na vijiti upande wa kulia, akakaa mkabala naye, mikono mapajani, akangoja.

Mzee Eom alikuwa ameinamisha uso na mabega yanamtikisika. Hawezi kumeza mtu akiwa hivyo. Mimi nilikuwa namkaripia kwa macho kutoka jikoni: kula, mzee wewe, kula, anakungoja! Alijikaza. Akainua kijiko, akaweka wali mdomoni, akatafuna, akameza. Akachukua tofu na kimchi juu yake, akameza na hiyo.

Bun-rye akainua vijiti vyake.

Alichukua kipande cha kimchi cha upande wa shina, kile kigumu ambacho hakuna anayekitaka, akakila. Akachukua kingine. Mumewe akamsukumia tofu. Akala tofu. Alikula kama watoto wanavyokula wakitoka kucheza, mafuta mekundu kidevuni, na hakuna mtu aliyethubutu kumfuta. Mi-ran alikuwa amekaa sakafuni mlangoni, ameibana sauti yake kwenye kitambaa cha shingoni. Baada ya muda niliona anaufungua mkoba wa nguo, anazitoa moja moja, anazikunja upya juu ya mapaja yake, bila kuangalia mikono.

Niliwaza kesho asubuhi, na mchana, na jioni. Zile ngazi mara tatu kwa siku, na yale mapafu. Nadhani Mi-ran pia alikuwa anahesabu.

Vilipobaki vipande viwili vya tofu, Bun-rye aliweka vijiti chini. Alijisogeza karibu na mumewe, akatazama huku na huku, akateremsha sauti.

"Baba Mi-ran. Usikasirike nikikuambia kitu."

"Niambie."

"Kuna mzee fulani humu ndani. Sijui wa nani. Ukienda kazini anakaa hapa kutwa, anataka kunilisha. Si mtu mbaya. Ila analia jikoni, anadhani simsikii." Alisogeza vile vipande viwili pembeni ya sahani, akaviwekea kimchi juu. "Hajala huyo. Kila siku nasikia hajala. Mpelekee, vingali na moto."

Mzee Eom alichukua sahani kwa mikono miwili. Akaja jikoni, akanipita bila kuniona, akasimama mbele ya sinki, na akala, kwa sababu mkewe alikuwa anasikiliza.

"Anakula?" aliuliza Bun-rye kutoka chumbani.

"Anakula," alisema Mzee Eom.